Kiti cha Shubiri Moja na Vidole Vitatu

Nakijwa alifariki siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, wakati watoto watatu wakimsubiri kwenye benchi nje ya chumba chake cha kazi. Mimi nilikuwa karakana, nyumba ya pili kutoka pale, nikipiga randa mlango wa mteja. Dada wa mapokezi alikuja akasimama mlangoni, nami nikaweka randa chini. Nilipofika, watoto walikuwa bado wamekaa, miguu yote sita ikigusa sakafu, kwa sababu benchi hilo nililitengeneza mimi na vipimo alinipa yeye. Mmoja aliniuliza kama mama mshauri atakuja kesho. Nikasema hapana. Akauliza keshokutwa je.

Mke wangu alikuwa mtaalamu wa saikolojia ya watoto na vijana, wa pekee katika mji wetu mdogo chini ya milima ya Upare. Mimi ni seremala, nimesoma mpaka kidato cha nne. Katika miaka kumi na tisa ya ndoa yetu sikuwahi kujua mtoto gani alimwambia nini, wala sikuuliza. Mchango wangu katika taaluma yake ulikuwa mmoja tu, kiti. Alitaka kiti ambacho akikikalia, macho yake yatakuwa sawa na ya mtoto wa miaka saba aliyesimama mbele yake. Nilitengeneza vitano akavikataa. Kwenye cha kwanza alisema, "Hapa nimekuwa hakimu." Kwenye cha tatu alisema, "Hapa nimekuwa shangazi aliyekuja kudai mahari." Cha sita alikikalia, akasema, "Hapa. Usikiguse tena." Kilikuwa cha mninga, urefu wake inchi kumi na moja.

Kila mwezi alikuwa akiletewa jarida la chama cha wataalamu wenzake wa nchi ya Kimo. Alikuwa na desturi ya kulifungua kutokea nyuma. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na kichwa cha habari, "Watoto", na chini yake mstari mmoja, mwezi hadi mwezi, kwamba ukurasa huu haukupata nafasi. "Mbonea," angeniambia, "safari hii tena hawakupata nafasi." Kisha angecheka na kulitumia jarida kufunikia sahani ya makande. Lakini hakuacha kulifungua kutokea nyuma.

Baada ya matanga jarida likaja tena, kwa jina lake. Nililisoma lote, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, nikaona kuna ukurasa unaoitwa "Waliotutoka". Nikaamua kwenda Kimo nimwandikishe. Nilichukua vyombo vyangu vya kazi, nikachukua na kile kiti, kwa kuwa sikuweza kukiacha peke yake chumbani. Njia ya kwenda Kimo siielezi. Aliyefiwa anaijua, na asiyefiwa hana haraka nayo.

Jambo la kwanza mgeni analoliona Kimo ni viti. Nchi ile ina wataalamu wengi wa watoto kuliko nchi yoyote niliyoisikia, na kila mtaalamu anatambuliwa kwa urefu wa kiti chake. Anayeanza kazi hupewa kiti cha shubiri mbili, kila shubiri ikiwa upana wa kiganja kilichotandazwa. Akipata cheti kipya, kinaongezwa shubiri. Akihudhuria mkutano, shubiri. Akiingia katika kamati ya kuandaa mkutano, shubiri mbili. Sheria inasema kiti kinapanda tu, hakishuki, na mtaalamu haruhusiwi kukanyaga chini katika saa za kazi. Chakula chao hupandishwa kwa kamba na kapi. Nilimwona bwana mmoja akivuta mkate wake wa ajemi kwa upole mkubwa, kama anayevua samaki.

Hata salamu zao zinafuata vipimo. Mzee wa miaka sabini aliye kwenye shubiri nne humwamkia kijana aliye kwenye shubiri kumi na moja, naye kijana huitikia marahaba bila kutazama chini. Niliuliza kama hawaoni haya. Nikajibiwa kwamba haya hupimwa kwa umri, na umri hauna futi ya kuupimia.

Siku ile niliyofika ilikuwa Jumatatu, siku ya habari. Jarida husomwa sokoni kwa sauti kila wiki, la mwisho wa mwezi ndilo hupelekwa nje ya nchi, na watu huacha kununua nyanya wakasikiliza. Nanukuu kama nilivyoandika kwenye daftari langu. "Daktari Fulani ameinuliwa shubiri moja kwa kuhudhuria mkutano kuhusu umuhimu wa kuhudhuria mikutano. Daktari mwingine ametunukiwa shubiri mbili kwa kitabu chake juu ya namna ya kusikiliza, na hapatikani mpaka mwakani kwa sababu anakizungumzia. Watoto arobaini na watatu wamehitimu foleni." Hapo watu walipiga makofi. Nilimuuliza muuza vitunguu maana yake nini kuhitimu foleni.

"Ni wale waliosubiri mpaka wakatimiza miaka kumi na minane," alinieleza. "Wanapewa cheti."

"Na walisikilizwa?"

"Fundi, nimekwambia wamehitimu."

Kisha msomaji akafika mwisho, akatangaza kwamba ukurasa wa watoto haukupata nafasi kwa sababu picha ya Daktari Maridhia, mkuu wa chama, ilikuwa ndefu. Ilikuwa ndefu kweli. Ilibidi waichapishe na miguu ya kiti.

Mhariri wa jarida hilo anaitwa Bwana Chambilecho. Yeye si mtaalamu, ni mwandishi tu, kwa hiyo anaruhusiwa kutembea, na shingo yake imepinda kidogo kwa nyuma kutokana na miaka ya kuandika habari za walio juu. Alinikaribisha vizuri, akanipa kahawa. Nikamweleza haja yangu. Alitoa kalamu, akaandika jina la mke wangu kwa mwandiko mzuri, akaniuliza urefu wa kiti.

Nikakiweka kiti mezani.

Alikitazama, kisha akatazama chini ya meza kuona kama kuna sehemu nyingine. "Hiki ni cha kuwekea miguu?"

"Ni cha kukalia."

Alikipima kwa mkono wake. "Shubiri moja na vidole vitatu," alisema taratibu, kama daktari anayetoa majibu mabaya. "Bwana Mbonea, pole sana kwa msiba. Ukurasa wa waliotutoka unaanzia shubiri kumi."

"Alifanya kazi miaka kumi na saba."

"Siwezi kubisha. Na hakuna mkutano hata mmoja?"

"Alialikwa. Mikutano ilikuwa Jumanne na Alhamisi, na watoto wake walikuwa wanakuja Jumanne na Alhamisi."

Bwana Chambilecho alipiga kalamu mezani mara mbili tatu. Hakuwa mtu mbaya. Alinisogezea kahawa, akainamisha kichwa kadiri shingo yake ilivyoruhusu. "Sikiliza, ndugu yangu. Sheria inasema kiti hakishuki. Haikusema kiti cha marehemu hakipandi. Wewe si fundi? Kiwekee miguu ya shubiri kumi, uniletee kabla ya Ijumaa jioni tunapofunga kurasa. Jina litatoka, na mstari mweusi kulizunguka. Mbao nitakupa mimi."

Nilimshukuru. Nilishukuru kwa dhati, lazima niseme. Shubiri kumi niliziona ni kazi ya siku mbili, na jina la mke wangu lingesomwa sokoni.

Nilipewa pembe ya kufanyia kazi katika ukumbi wa kusubiri wa chama, kwa kuwa Ijumaa ile ile ulikuwa Mkutano Mkuu na nilikuwa nimeombwa pia kuongeza shubiri moja kwenye kiti cha Daktari Maridhia, kutoka thelathini hadi thelathini na moja. Mafundi wa Kimo wana kazi nyingi kuliko madaktari wake, na mgeni mwenye msumeno hakai bure.

Katika ukumbi huo kuna foleni mbili na ukuta katikati. Upande wa kulia ni Idara ya Watoto, upande wa kushoto Idara ya Vijana. Mtoto anayetimiza miaka kumi na miwili kabla hajasikilizwa hupelekwa upande wa kushoto, akaanzie mwisho. Kuna mjadala wa miaka ishirini kama mwenye miaka kumi na miwili kamili ni mtoto au kijana, na hoja hiyo ndiyo iliyokuwa ya kwanza kwenye ajenda ya Mkutano Mkuu. Nilisikiliza maandalizi yake siku mbili. Bwana mmoja wa shubiri ishirini na mbili alidai kwamba ni mtoto mpaka saa sita mchana. Mwenzake wa ishirini na nne alisema hoja hiyo ni ya kutoka chini. Wakati huo wote wenye miaka kumi na miwili walikuwa wameketi mlangoni, nusu huku nusu kule, wakicheza bao.

Wa kwanza kabisa katika foleni ya kulia alikuwa msichana anayeitwa Sikudhani, pamoja na bibi yake, Bi Mwatime, mwanamke mnene mcheshi aliyekuwa akifuma kitu kirefu kisichokuwa na umbo. Walikuwa wamesubiri miaka minne. Jumamosi Sikudhani angetimiza miaka kumi na miwili.

"Kwa hiyo Ijumaa ndiyo siku yetu ya mwisho upande huu," Bi Mwatime aliniambia. "Akivuka ule ukuta anakuwa wa mia mbili na sita. Nimekwenda kuhesabu. Hii sweta nilimwanzia akiwa na miaka minane, nimekuwa naifuata tu."

"Na daktari wa upande huu ni nani?"

Alinyoosha sindano yake kuelekea darini. Nikatazama juu, nikaona nyayo za viatu vyekundu. Huyo ndiye Daktari Maridhia.

Sikudhani hakuwa mtoto wa kulialia. Alikaa karibu na benchi langu la kazi akiokota maranda na kuyapanga kwa ukubwa. Siku ya Jumatano aliniambia bila mimi kumuuliza, "Nilikuja hapa na ndoto moja. Sasa ninazo kumi na nne. Nimezipa namba ili zisichanganyike."

Nilitaka kumwambia aniambie. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Nikakumbuka mwaka mmoja mtoto alinifuata karakana akaanza kunieleza mambo yake, nami nikamjibu jibu zuri sana nililolitoa kichwani mwangu, na ilimchukua Nakijwa miezi miwili kulitengua. "Wewe ukipasua mbao vibaya unapata kuni," aliniambia. "Mimi nikipasua vibaya sipati kitu." Kwa hiyo nikamwambia Sikudhani kwamba mimi ni seremala, na ndoto ni kazi ya wenye kazi yao.

"Ndiyo maana nazitunza," alijibu. Kisha akaonyesha kiti. "Hiki cha nani?"

"Cha mke wangu. Alikuwa anafanya kazi kama ya yule wa juu."

"Kwenye hiki?" Alikikalia, akasimama, akakizunguka. "Mtu mzima akikaa hapa magoti yanafika kifuani."

"Yalikuwa yanafika."

"Na unakifanya nini?"

Nikamwonyesha miguu mipya minne niliyokwisha kuipiga randa, kila mmoja wa shubiri kumi, imenyooka vizuri. Nikamweleza habari ya jina, na ukurasa, na mstari mweusi. Msumeno ulikuwa mkononi. Kiti nilikuwa nimekibana kwenye jiriwa, miguu juu, na nilishapiga alama ya penseli mahali pa kukata. Sikudhani aliisimamisha miguu mirefu mmoja mmoja, akatazama mpaka mwisho wake.

"Akikaa huko," aliuliza, "miguu yake si itaning'inia?"

Nikamwona. Nakijwa, juu ya shubiri kumi, miguu ikining'inia, kandambili moja imedondoka, akiniita kutoka huko, "Mbonea, hapa nimekuwa nani tena?" Nikacheka. Nilicheka mpaka nikaegemea jiriwa, na Bi Mwatime akaacha kufuma. Ilikuwa mara ya kwanza tangu asubuhi ile aliyofariki. Kisha nikafungua jiriwa, nikakitoa kiti, nikaifuta alama ya penseli kwa kidole gumba.

"Hukati?" Sikudhani aliuliza.

"Sikati."

"Na jina?"

"Sijui."

Nilikuwa najua. Jina lisingetoka. Nilikaa na jambo hilo siku nzima ya Alhamisi huku nikiichonga miguu ya kiti cha Daktari Maridhia, na sikulifurahia.

Ijumaa asubuhi nilipanda ngazi mpaka shubiri thelathini kukitazama kiti cha mkuu wa chama. Juu kule kuna hewa nzuri na ukimya mkubwa. Daktari Maridhia alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sura ya ukarimu, amezungukwa na tuzo zilizofungwa kwa kamba ili zisianguke. Alifurahi kuona mtu.

"Shikamoo, daktari," nilisema, ingawa nadhani namzidi mwaka mmoja au miwili.

"Marahaba, fundi. Kaa. Samahani, hakuna pa kukaa. Jishike hapo kwenye tuzo ya mwaka juzi, ni imara."

Nilimuuliza kwa adabu mara ya mwisho amezungumza na mtoto ni lini.

Alifikiri. "Miaka tisa. Alikuwa mvulana mmoja mwenye hofu ya mbwa. Mpaka leo huwa nawaza, kama amepata mbwa." Akashusha sauti. "Nimeandika vitabu vinne juu ya sauti ya mtoto, fundi. Siku nyingine nainama hapa nasikia kitu kama ndege. Sijui kama ni wao au ni kapi la chakula."

Nikaanza kukagua maungio. Na hapa lazima nieleze jambo la kazi yetu. Kiti kirefu kiasi kile hakiharibiki miguuni, kinaharibika pale ulimi wa mbao unapoingia tunduni, kwa sababu kila shubiri inayoongezwa inazidisha mtikisiko. Kiungo kimoja kilikuwa kimelegea. Nilikitikisa kwa vidole viwili, na tuzo zote zikalia pamoja kama njuga.

"Hiki lazima kifunguliwe, kipakwe gundi, kikazwe," nilisema. "Na gundi ikiwa mbichi hakikaliwi."

"Itachukua muda gani?"

Gundi ile hukauka kwa saa sita. Naandika ili nikumbuke, kwa hiyo nakumbuka na uongo wangu pia. Nilisema, "Mpaka Jumatatu."

Alinitazama. Mtu aliyesoma vitabu vyote vile juu ya nafsi za watu hakushindwa kuusoma uso wa seremala. Kisha akachungulia chini, muda mrefu, akaanza kuvua viatu vyake vyekundu. "Sheria inasemaje kuhusu kiti kilicho mikononi mwa fundi?"

Makarani walikimbilia kitabu. Sheria ilikuwepo, imeandikwa na watu wa zamani waliokuwa na viti vibovu, na ilisema hivi: kiti kikiwa kwa fundi, aliyekikalia hana kimo. Hawezi kusaini, hawezi kuinua mtu, hawezi kuhudhuria mkutano. Anaruhusiwa kusubiri tu, pamoja na wanaosubiri.

Daktari Maridhia akashuka ngazi ukumbi mzima ukimtazama. Alipofika chini alisimama pekupeku kwenye saruji, akawa mfupi kuliko nilivyodhani. Akatafuta pa kukaa. Mabenchi yote yalikuwa yamejaa watoto. Nikamsogezea kiti cha Nakijwa.

Akakaa. Magoti yakafika kifuani. Macho yake yakawa mbele ya macho ya mtu wa kwanza katika foleni, naye ni Sikudhani, ambaye alikuwa amepiga magoti sakafuni na maranda yake.

Bi Mwatime alimsukuma mjukuu wake kwa kiwiko.

"Nianze na ya kwanza au ya kumi na nne?" Sikudhani aliuliza.

"Anza na unayoitaka," alisema Daktari Maridhia.

Kulikuwa na chumba kidogo pale kilichokuwa kinahifadhi ngazi za akiba. Nilizitoa, wakaingia, nikaufunga mlango. Waliyozungumza siyajui. Nilikaa nje na bibi, tukila karanga. Baada ya saa nzima Bi Mwatime aliniuliza kama nadhani wamefika namba ngapi, nikamwambia huwa haiendi kwa namba, nikashangaa nimelijua lini jambo hilo. Sikudhani alipotoka alikuwa na uso wa mtu aliyetua ndoo ya maji. Alisema ana njaa na kwamba atarudi wiki ijayo, zimebaki nyingi.

"Mwingine nani?" Daktari Maridhia aliuliza kutoka ndani.

Habari hii ilipanda juu haraka kuliko habari yoyote ya jarida. Kabla ya adhuhuri bwana wa shubiri ishirini na mbili aliniita akalalamika kwamba kiti chake kinalia. Nilikitikisa, hakikulia. "Sikiliza vizuri," alisema, akajitingisha mwenyewe mpaka kikalia. Nikakifungua. Mwenzake wa ishirini na nne alidai kiti chake kimelia zaidi. Saa nane mchana nilikuwa na viti kumi na tisa vilivyofunguliwa, vimejaa uani kama mifupa ya twiga, na wataalamu kumi na tisa wako chini wanatafuta pa kukaa. Wengine walikaa kwenye ndoo zilizofudikizwa. Mmoja alikaa kwenye mkoba wangu wa vyombo mpaka patasi ikamzuia. Kile cha Nakijwa kilipokezanwa. Waligundua wenyewe kwamba kinafaa, wakaanza kugombana kwa adabu ni zamu ya nani.

Mkutano Mkuu haukufanyika, kwa sababu hapakuwa na mtu mwenye kimo wa kuufungua. Hoja ya miaka kumi na miwili haikuamuliwa. Kwa kuwa haikuamuliwa, Jumamosi karani wa foleni hakujua ampeleke Sikudhani upande gani, akaandika kwamba yupo. Bi Mwatime alisherehekea kwa kuifunga ncha ya sweta.

Jioni ya Ijumaa alikuja Bwana Chambilecho na kurasa zake tupu.

"Umeniulia jarida," alisema. "Hakuna aliyeinuliwa. Hakuna picha. Ukurasa wa kwanza nina tangazo la ngazi, basi. Nitaandika nini mimi?"

"Una ukurasa wa mwisho," nilimwambia.

"Ukurasa wa mwisho haupati nafasi."

"Leo una nafasi mpaka ya kumwaga."

Alikaa kwenye ndoo. Alitoa kalamu. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayejaribu chombo kipya, wamesikilizwa watoto wangapi. Nikamhesabia, kumi na mmoja mpaka wakati ule. Akauliza walisema nini. Nikamwambia hilo haliandikwi. Alitikisa kichwa, akaandika idadi peke yake, kwa penseli ili aweze kuisahihisha mpaka Jumatatu, akaona ni fupi.

"Kwa kanuni za jarida," alisema, "kila kazi huandikwa pamoja na kiti kilichotumika. Jina na kipimo. Nyingi zimefanyika kwenye kiti gani?"

Nikamwonyesha kwa kidevu. Bwana wa ishirini na mbili alikuwa amekikalia, magoti kifuani, anamsikiliza mvulana mwenye kigugumizi wala hamharakishi.

Bwana Chambilecho aliacha kuandika. "Fundi, huu si ukurasa wa waliotutoka."

"Naona."

"Kwenye ukurasa huu hakuna sheria ya shubiri kumi. Hakuna sheria yoyote. Haujawahi kutumika." Akafikiri tena. "Sitaweza kuweka mstari mweusi."

"Usiuweke."

Jumatatu nilisimama sokoni karibu na muuza vitunguu. Msomaji alilifungua jarida, akasoma tangazo la ngazi, akakosa cha kuendelea nacho, akageuza mpaka nyuma. Alisafisha koo. "Watoto," alisoma. "Tangu Ijumaa wamesikilizwa ishirini na sita. Kiti: Nakijwa. Kimo chake shubiri moja na vidole vitatu." Watu hawakupiga makofi, kwa kuwa hawakujua kama inapigiwa. Muuza vitunguu aliniuliza huyo Nakijwa ni nani. Nikamwambia ni mke wangu. Akasema hajawahi kumsikia, akanipa kitunguu kimoja kikubwa bila sababu.

Gundi ilikuwa imekauka. Niliviunga viti vyote imara kabisa, kwa sababu kazi ni kazi, na wengi walipanda. Daktari Maridhia alipanda pia, alikuwa na barua za kusaini. Lakini aliniomba nimwachie ngazi ya kudumu, yenye vipandio vipana, na siku mbili za juma ambazo kiti chake kitahesabiwa ni kibovu. Alichagua mwenyewe Jumanne na Alhamisi. Nilikuwa sijamwambia.

Aliniuliza kama nitarudi na kiti changu. Sikudhani alikuwa amekikalia wakati huo, anamfundisha mtoto mdogo kupanga maranda. Nikasema kibaki. Nilichukua kijiti, nikakisimamisha kando ya kiti, nikakata alama mahali kinapofika. Kijiti ndicho nilichorudi nacho.

Nyumbani kulikuwa na ubao wa mninga uliobaki katika ule wa kwanza. Kiti cha pili kina urefu wa inchi kumi na moja. Binti Nanzighe, aliyefundishwa na Nakijwa miaka mitatu na sasa ameshika nafasi yake, alikikalia siku ya kwanza, akasema kinamfaa. Jarida la Kimo linakuja kila mwezi, nalifungua kutokea nyuma. Chumba kinafunguliwa Jumanne na Alhamisi, saa tatu asubuhi. Mimi hufika saa mbili, nafagia, nafuta benchi.